Maboya ya Jumatatu

8 Septemba

Mdogo wangu Fundi,

Nakusalimu wewe na wifi yangu, na hao mapacha ambao kwenye picha uliyotuma wamefanana na wewe mpaka namwonea huruma mama yao. Sisi tupo. Mama anakula vizuri na kugombana vizuri, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Binti yangu mkubwa sasa ndiye mwenzangu kwenye mashua, na anavuta kamba kuliko wanaume wawili ninaowajua. Shemeji yako mgongo umegoma. Daktari kamkataza kuvuta mitego, haya madema yetu, na yeye ambaye maishani hajawahi kumtii mtu, safari hii katii. Anashinda nyumbani akitengeneza vitu ambavyo havijaharibika.

Sasa nije kwenye kilichonikalisha mezani. Unawakumbuka watu wa fimbo, wale wanaokuja mwisho wa wiki na boti za kasi kuvua kwa kujifurahisha? Ulipoondoka walikuwa wachache, tukiwapungia mkono. Sasa wana chama, wana gati lao, wana duka la chambo, na mwenye duka ndiye mwenyekiti wao. Tunamwita Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kichwa chake. Mishipi yao ikinasa kwenye kamba za madema yetu, wanazikata. Boya linaelea zake, dema linabaki chini, nami sina pa kulitafutia. Tangu Juni nimepoteza thelathini na moja. Na unajua dema lililopotea halipumziki: samaki wanaingia, wanafia humo, harufu yao inaita wengine. Nikifikiria yote hayo yanaua bure huko chini, moyo unaniuma kweli.

Tukaitwa kikao. Ofisa wa uvuvi akachora ratiba ubaoni: Jumatatu mpaka Alhamisi maji ni yetu wa madema, Ijumaa mpaka Jumapili ni yao. Kila Alhamisi jioni madema yote yawe yametoka majini, na atakayekutwa nayo ananyang'anywa leseni. Watu wakapiga makofi. Mimi nina madema tisini na mashua moja. Kuyatoa ni siku mbili, kuyarudisha siku mbili. Niambie nitavua lini.

Nimeona njia moja tu. Boya lisionekane siku zao, lionekane siku zangu. Nilijaribu kulifunga chini pamoja na dema kwa kifuko cha chumvi ya mawe, nikijua chumvi ikiyeyuka boya litapanda lenyewe. Likapanda kabla sijageuza mashua. Wewe unayejua vyuma, nitafutie kitu cha kulishika boya chini siku tatu na nusu, kisha kiliachie. Na uniandikie, usipige simu. Simu ya karibu iko dukani kwa Kofia, naye husikiliza huku akijifanya anapanga ndoano.

Dada yako

24 Septemba

Dada,

Nimefungua barua yako kazini na mchanga ukamwagika juu ya benchi, nikajua kweli imetoka nyumbani. Huku tunasukuma siku. Wifi yako amepata kazi ya kufua mashuka hospitalini, anarudi mikono imekunjamana lakini anacheka. Mapacha wanaota meno kwa zamu, mmoja akinyamaza mwenzake anapokea. Mwambie Mama namkumbuka, na asigombane na binti yako, sasa hivi huyo ni mkubwa kumshinda.

Hiyo chumvi yako imenivunja mbavu mpaka mwenye karakana akaja kuuliza kulikoni. Lakini wazo lako ni zuri, ulichokosea ni kitu cha kulifanyia. Sikiliza. Waya mwembamba wa chuma ukiuzungusha kwenye kipande cha shaba na kuutia maji ya chumvi, hivyo viwili havipatani. Chuma kinaliwa pale vinapogusana, polepole, bila kelele, hadi kinakatika. Kwetu hapa huo ni ugonjwa wa mabomba, tunaukimbia mwaka mzima. Wewe, ugonjwa huo utakuhudumia.

Nimeweka ndoo ya maji ya chumvi chini ya benchi langu na kujaribu waya wa unene tofauti. Mmoja umekatika baada ya saa themanini na tano, mara tatu mfululizo, ukipishana dakika chache. Piga hesabu: ukizamisha Alhamisi saa kumi na mbili jioni, boya linapanda Jumatatu saa moja asubuhi. Sijui kama umewahi kujivunia ndugu yako, ila hapa ruksa.

Nakutumia vishikizo vya namna hiyo sitini kwenye kifurushi, pamoja na waya wa kuzungushia upya kila kimoja kinapokatika. Vitunze pakavu. Nakukumbusha kwamba ofisa akikukamata, leseni imekwenda, na mimi sitakuwepo kukuombea. Shemeji anajua?

Fundi

20 Oktoba

Fundi wangu, fundi wa mafundi,

Yamepanda! Jumatatu mimi na binti tulifika mlangoni, pale kwenye nafasi kati ya miamba, kabla ya saa moja. Bahari haina kitu. Binti ananiangalia, mimi naangalia saa. Nikaanza kukutukana kimoyomoyo. Halafu moja likachomoza karibu na kasia, likafuata la pili, la tano, mpaka tukashindwa kuhesabu. Binti alipiga kelele nikadhani ameanguka majini. Mdogo wangu, tulicheka hadi tukasahau kuvuta.

Ijumaa ofisa alipita na kitabu chake, akaona maji meupe bila boya hata moja, akanishika mkono barabarani mbele za watu na kusema mimi ni mfano. Nikainamisha macho kwa unyenyekevu. Kamba iliyokatwa tangu wakati huo ni sifuri, na watu wa fimbo wanapita juu ya madema yangu hawana habari.

Mama anakohoa kidogo lakini hataki kusikia neno dawa. Shemeji yako amepata kibarua kwenye karakana ya boti, kupaka rangi na kung'arisha. Kazi ni mwisho wa wiki tu, anasema ndipo boti zinapoletwa. Amerudi kuwa mtu. Anapiga mluzi, amenunua viatu. Ila ananukia petroli. Nilimuuliza ni rangi gani hiyo, akasema ndiyo wanayochanganyia. Hapana, sijamwambia kuhusu maboya, na wewe usimwambie. Anashinda na watu wa boti, na mdomo wake hauna kufuli. Siku atakayopiga stori na mtu wa Kofia ndiyo siku nitakayobaki mikono mitupu. Niapie.

Ongeza vingine, vile vinaisha.

Dada yako

9 Novemba

Dada,

Tunaendelea vizuri, isipokuwa mwenye nyumba amepandisha sauti kuhusu kelele za mapacha, na wifi yako akampandishia zaidi. Kikohozi cha Mama usikichukulie mzaha, mpeleke zahanati hata kwa kumdanganya kwamba mnakwenda kumwona mtu.

Nakutumia vishikizo themanini. Nimeapa, na kiapo changu unakijua. Tangu utotoni mkivunja vitu wewe na wenzako, mimi ndiye nilikuwa kabati la siri.

Shemeji alinipigia simu hapa karakana wiki iliyopita. Tuliongea mambo ya kiume tu, mgongo wake na kazi. Anakupenda sana yule mtu, dada. Nilipoweka simu nilifikiri labda ungemwambia tu ukweli, nawe umuulize na wewe ya kwake. Watu mnaolala kitanda kimoja mna siri za nini? Lakini mimi ni mdogo, siwezi kukufundisha ndoa.

Fundi

2 Desemba

Mdogo wangu,

Mama nimempeleka, nimemdanganya kama ulivyosema, akamgombeza daktari, akapewa dawa, amepona. Binti ana mchumba anayedhani mimi sijui. Salamu zako nimezifikisha kwa wote.

Mambo gani ya kiume? Una umri gani wewe wa kuniandikia mimi mambo ya kiume? Kama shemeji yako amekuambia mgongo umezidi, niambie. Kama kuna mwanamke, niambie pia, nitajua la kufanya. Na hilo la kumuuliza "ya kwake", sijalielewa na sijalipenda. Kama huna la kusema, kaa kimya moja kwa moja.

Joto limeingia. Maji yamekuwa ya kuogea mtoto. Jumapili iliyopita maboya yalipanda mapema, saa kumi na moja jioni, wakati watu wa fimbo wameshaondoka. Tukakimbia kuyaficha kabla ya mtu kupita. Binti anasema saa yako imepoteza majira.

Habari kubwa ni hii. Kofia na chama chake wanaandaa mashindano, Jumamosi tarehe saba Februari. Boti arobaini. Zinaondoka pamoja alfajiri na lazima zirudi kabla ya saa kumi jioni. Atakayechelewa dakika moja samaki wake hawapimwi, kwa hiyo watarudi mbio, wote kwa ule mlango mmoja. Sisi tumeamriwa tutoe madema wiki nzima. Wiki nzima! Kwa ajili ya watu watakaopiga picha na samaki kisha wawaache waoze. Sitoi. Nitazamisha Alhamisi kama kawaida, tena mlangoni kwenyewe ambako samaki wanapita, wao wapite juu na mimi nivue chini yao. Niandalie sitini vipya, vya kudumu kidogo.

Dada yako

19 Desemba
(Barua hii haikutumwa.)

Dada,

Hakuna mwanamke. Shemeji haendi karakana. Anaendesha boti ya watu wa fimbo. Kofia alimwajiri tangu Oktoba kwa sababu hakuna anayeujua ule mlango kama yeye, na kukaa kwenye usukani hakumwumizi mgongo. Ndiyo petroli unayoisikia. Aliniambia siku ile kwenye simu, akilia, dada, sijawahi kumsikia mwanaume akilia kwenye simu ya dukani. Alisema ukijua anafanya kazi kwa watu waliokukatia kamba, utamfukuza. Akaniomba nitunze mpaka mashindano yapite. Nikamwapia kama nilivyokuapia wewe.

Siku zile maboya yako yalipokuwa yanaonekana, aliyakwepa. Aliniambia hivyo. Alikuwa akiwazungusha wageni wake mbali wasije wakakugusia kamba. Sasa anasema anapita mlangoni kwa raha, kwa mwendo wowote, kwa sababu unatii ratiba na maji ni meupe.

Unaona ninachokiona? Yeye hajui kilichoko chini. Wewe hujui aliyeko juu. Mimi peke yangu ndiye ninayejua yote, na nitakuambia la aibu: nilifurahia. Nilijiona mtu mkubwa, ninyi wakubwa wawili mkinikabidhi siri zenu. Kamba ikipanda wakati yeye yuko mbio pale, na propela ikaizoa, boti itasimama ghafla mahali ambapo wimbi linavunjika juu ya mwamba. Sitaki kuandika kinachofuata.

Nikiituma hii, nyumba yako inavunjika kwa kalamu yangu. Pengine hakutatokea lolote.

21 Desemba

Dada,

Tunawatakia mwaka mwema nyote. Mapacha wanatembea, wifi yako amepandishwa kazi, sasa anasimamia mashine mbili.

Usikasirike na mdogo wako, sikuwa na maana mbaya. Shemeji hana mwanamke, hilo nakuhakikishia. Kuhusu vishikizo, bahati mbaya waya umeisha na karakana inafungwa hadi katikati ya Januari. Sitaweza kukutumia. Nakuomba siku hiyo ya mashindano uachane na mlango, tega kwingine au pumzika. Wiki moja haitakuua. Nisikilize mara moja tu maishani mwako.

Fundi

14 Januari

Fundi,

Nashukuru kwa salamu. Huku tumeuanza mwaka tukiwa kamili, hata Mama, aliyetuahidi kwamba hatauona.

Waya umeisha? Kwenye karakana ya vyuma? Sawa. Mimi si mtoto. Najua umeogopa leseni yangu, au umechoka kunisaidia, au wifi amesema. Sikulaumu. Ila usiniambie nipumzike. Wewe una mshahara, ukipumzika mwezi unaisha uleule. Mimi dema likikaa nje ya maji wiki moja, nyumba nzima inalala na njaa, na ndani ya nyumba hiyo yumo Mama.

Kama kuna sababu nyingine, iandike. Umesema nikusikilize, lakini hujasema neno la kusikilizwa.

Nimepekua sanduku la mashua, mle tunamoweka ndoano na nyuzi, nikakuta vishikizo arobaini na nne vya zamani vimebaki. Vimeota kutu kidogo kwa ule unyevu, lakini vinashika. Nimejaribu kuvuta kimoja kwa mkono hakikukatika. Vinanitosha. Alhamisi tarehe tano nitazamisha mlangoni. Siku hizi yanapanda Jumapili asubuhi, nasi tunawahi kuyaficha, basi Jumamosi bado iko salama. Jumamosi hayajawahi kupanda hata mara moja.

Shemeji yako amenunulia Mama redio. Sijui anapaka boti ngapi huyo mtu.

Dada yako

29 Januari
HARAKA

Dada,

Barua yako imechelewa posta, nimeipata leo. Leo siulizi hali ya mtu.

Usivitumie hivyo vya zamani. Nilikuambia uvitunze pakavu. Kwenye sanduku la mashua kuna chumvi na unyevu, vimekuwa vikiliwa miezi yote hii. Mkono wako hauwezi kupima hilo. Nina viwili vya namna hiyo vilivyobaki hapa. Nimevilowanisha, nimeviacha vikaota kutu, nikavitia kwenye ndoo nikaiweka juani, maana maji ya joto yanakula chuma haraka zaidi. Nimevitazama siku mbili zilizopita nijue kwa nini maboya yako yanapanda mapema, sikujua nawe unavyo. Kimoja kilikatika saa ya arobaini na tatu, kingine saa ya arobaini na tano. Ukizamisha Alhamisi jioni, maboya yako yanapanda Jumamosi alasiri. Boti zote arobaini zitakuwa zinarudi.

Usitege mlangoni, na kama umeshatega, toa madema. Hata kama ofisa anakuona. Hata leseni iende. Nitakulisha mimi.

Nimepiga simu dukani leo mchana. Kofia akapokea. Akauliza nimpe ujumbe gani, nikasikia watu wanacheka nyuma yake, wanapanga mashindano. Nikasema nimekosea namba. Ningemwambia nini? Kwamba dada yangu atazamisha kamba arobaini na nne chini ya boti zao? Nimeweka simu nikaja kukuandikia.

Na muulize shemeji anafanya kazi wapi. Muulize kabla ya Alhamisi, usikubali jibu la rangi. Nimeapa sitasema na bado sijasema, wewe muulize tu. Mimi narudi posta sasa hivi, wanasema ya haraka inachukua siku tano.

Fundi

12 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako ya haraka imefika Jumatatu tarehe tisa. Karani wa posta aliileta mwenyewe nyumbani, akanipa mkono wa pole, kisha akanipa bahasha. Niliisoma nimesimama mlangoni watu wakiingia na kutoka na viti.

Nitakuandikia yote mara moja, kisha sitaandika tena.

Jumamosi tulikwenda ufukweni kutazama kama watu wengine. Mama tulimkalisha kwenye kivuli na redio yake. Saa tisa hivi binti alinishika mkono akasema, mama, tazama mlangoni. La kwanza lilikuwa limepanda. Nikasema ni moja tu, limelegea. Yakafuata mengine. Maji yalikuwa yamepungua na kamba zilikuwa zimelala juu ya maji, ndefu, zimejikunja ovyo, mlango mzima. Nikakimbia hadi gatini. Nilimshika Kofia shati nikamwambia zuieni boti, kuna kamba. Akaniuliza kamba za nani. Nikasema zangu. Nilisema mbele ya ofisa na mbele ya watu wote, zangu. Wakaanza kupunga bendera, lakini boti ya kwanza ilikuwa imeshafika karibu, inakuja mbio, imeziacha nyingine zote nyuma. Watu walikuwa wanaishangilia.

Aliyekuwa kwenye usukani alivaa kofia ya chama na miwani. Sikumjua. Nilikuwa bado nampigia kelele kama ninavyoweza kumpigia mtu yeyote. Boti ilipopinda kuingia mlangoni ikanipa ubavu, nikaona alivyokaa. Alikuwa ameegemea upande wa kushoto, anavyokaa tangu mgongo uharibike. Nimemwona akikaa hivyo mezani kwangu miezi yote hii. Nikaita jina lake na kamba ikashika.

Wageni wake wawili wako hai, mmoja amevunjika mkono. Yeye alibanwa kati ya boti na mwamba. Tulimtoa mimi na binti, kwa mashua yetu, kwa sababu boti za kasi hazikuthubutu kusogea.

Aliishi hadi Jumapili usiku. Alikuwa anaongea vizuri, ndiyo maana nilidhani atapona. Hakunilaumu. Alisema, "Nilidhani unajua. Ndugu yako alijua tangu Novemba, nikafikiri lazima amekwambia. Nilipoona hurudishi madema mlangoni nikajua umenisamehe. Nikasema, mke wangu amenipisha." Alitabasamu aliposema hivyo, Fundi. Miezi yote hiyo alikuwa anapita pale akinishukuru moyoni, na mimi niko chini yake natega. Sikumwambia. Nilimwacha afe akiamini nilimpisha.

Ningemfukuza kweli? Labda siku mbili. Labda wiki. Ningepiga kelele mtaa mzima usikie, kisha ningempelekea chakula gatini ili watu wamwone anacho. Unanijua. Ulikuwa na miezi mitatu ya kukumbuka mimi ni mtu wa namna gani.

Ofisa alikuja na askari wakiwa na vishikizo ndani ya mfuko. Walivitoa kwenye propela. Waliuliza nani amevitengeneza. Nikasema mimi. Askari akatazama mikono yangu, akaniuliza shaba na chuma nimejifunzia wapi, nikasema nilijaribu tu kwenye ndoo. Hakuniamini lakini aliandika. Wiki ijayo nitakwenda kujibu. Nimefanya hivyo kwa ajili ya mapacha na mama yao. Usidhani ni kwa ajili yako. Mashua nimempa binti, naye ameiuza siku hiyohiyo.

Tulimzika Jumanne. Binti alitaka kukupigia simu, hata Kofia alisema simu ya duka ni yetu bila malipo, tuite tunaowataka. Nikamkataza. Usije. Usitume mtu, usitume kitu. Mama anauliza, majirani wanauliza, kila anayeingia kutoa pole ananiuliza mbona ndugu yako wa pekee hakuja kumzika shemeji yake. Nawaambia hukujua.